Aliyemleta mgeni ziwani

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya kwa njia ya karatasi, leo nataka tuzungumze juu ya kazi moja ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni kazi. Ni kazi ya kumwongoza mgeni. Ukifungua kitabu chochote cha historia ya nchi yetu utakuta orodha ndefu ya watu waliofika: fulani alifika mahali fulani mwaka fulani, akaona mlima, akaona ziwa, akaandika. Lakini jiulize, alifikaje? Nani alimwambia mto unavukwa wapi, nani alizungumza na mtemi usiku ili asubuhi njia iwe wazi, nani alijua kwamba kijiji cha mbele kina chakula na cha nyuma yake hakina? Hilo vitabu hulipita haraka, kama dereva apitavyo kituo kisicho na abiria.

Mawazo haya yalinijia Kyela, mwezi Juni, shule zilipofungwa. Tulikuwa mimi, mama watoto, binti zetu wawili na kijana wetu wa mwisho mwenye miaka tisa. Kwa miaka mingi nyumbani kwetu likizo maana yake ilikuwa ni kwenda kijijini kusalimia wazee na kurudi na gunia la viazi. Safari hii watoto waliomba waende kama watalii, yaani walipe, waongozwe, waonyeshwe. Nikaona si vibaya. Kama Mzungu anaweza kutoka kwao kuja kutazama Ziwa Nyasa, kwa nini mtoto wa Kinondoni asilitazame? Tukalipa kwa kampuni moja ya jijini, tukapewa karatasi yenye ratiba ya siku nne, na asubuhi ya siku ya kwanza, ambayo ilikuwa Jumamosi, kijana aliyepangwa kutuongoza akatupokea Tukuyu, ana kofia kichwani na daftari dogo mfukoni.

Kutoka Tukuyu kuteremka kwenda ziwani ni darasa la jiografia lisilohitaji mwalimu. Asubuhi mmevaa masweta, mvua ya rasharasha haiachi, chai na migomba imefunika vilima. Kila mnapoteremka mnavua nguo moja. Mkifika bondeni mmebaki na fulana, mnatazama mashamba ya mpunga, michikichi na minyororo ya kokoa. Uso wa ziwa uko chini ya mita mia tano tu juu ya usawa wa bahari, na upande wa mashariki milima inapanda ghafla hadi zaidi ya mita elfu mbili. Maji yote ya mvua ya huko juu yana njia moja tu, kushuka. Yanashuka kwa mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ndiyo maana mwaka wa mvua nyingi Kyela hugeuka kuwa sehemu ya ziwa, na ndiyo maana pia mchele wake ukawa na jina kubwa kiasi kwamba pale Dar es Salaam kila mchele sokoni unaitwa wa Kyela, hata uliovunwa mbali kabisa na huko.

Tulishika njia ya kupita Masoko. Hapo lipo ziwa dogo la volkano, duara kama bakuli, na juu ya ukingo wake jengo la mawe walilojenga Wajerumani kwa ajili ya askari wao. Kijana wetu akatusimulia kwamba Wajerumani walipoona wanashindwa vita walitupa fedha na silaha zao ndani ya maji yale, na kwamba zipo mpaka leo. Watoto wakasogea ukingoni kutazama. Hadithi hii utaisikia kila mahali ambapo Mjerumani alijenga nyumba ya mawe, kutoka Bagamoyo hadi Bukoba, na mimi nina mashaka na nyingi kati ya hizo. Lakini vita vyenyewe havina mashaka. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka kusini, na kabla ya mwezi kwisha Wajerumani walikuwa wameuacha mji wao wa Neu Langenburg, ambao ndio Tukuyu ya leo. Mtu anayeondoka kwa haraka huacha vitu nyuma, na wanaobaki hubaki wakihesabu alichoacha.

Siku hizi barabara kutoka Kikusya kupita Ipinda hadi Matema imetiwa lami, kwa hiyo tulifika ufukweni saa sita mchana bila kutingishika mno. Wenye kuijua Matema hawahitaji nieleze. Asiyeijua na afikirie mchanga mweupe kama wa Kigamboni, maji matamu badala ya chumvi, na nyuma yake ukuta wa milima unaotumbukia moja kwa moja ziwani bila kuacha hata upana wa barabara. Ndipo ziwa linapoishia kwa upande wa kaskazini, baada ya kunyooka kwa zaidi ya kilometa mia tano na hamsini kutoka kusini. Ni la tatu kwa ukubwa katika Afrika, na kina chake mahali pengine kinafika mita mia saba.

Hapo kijana akasimama, akatugeukia, akaanza maneno aliyokuwa ameyahifadhi. Akasema milima tunayoiona ni milima ya Livingstone, kwa heshima ya mvumbuzi mkubwa aliyeigundua. Binti yangu mkubwa akauliza, “Kaka, alipanda mpaka juu?” Kijana akajibu kwamba naam, alipanda mpaka juu, akalitazama ziwa lote.

Sikumkatiza. Mtu akiwa kazini mbele ya wateja si vizuri kumsahihisha kama mwanafunzi. Lakini jioni, watoto walipokuwa wanaogelea, nilimwita tukakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa mchangani. Nikamwambia, “Mwanangu, Livingstone hakufika hapa.”

Akaniangalia. “Mzee, ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi niliyopewa.”

Basi nitakueleza na wewe, msikilizaji, niliyomweleza yeye. Daktari David Livingstone alilifikia ziwa hili Septemba 1859, lakini kwa upande wa kusini, akitokea mto Shire. Alipouliza maji yale yanaitwaje akaambiwa “nyasa”, ambalo kwa watu wa huko maana yake ni ziwa tu, maji makubwa. Akaandika Ziwa Nyasa, na hadi leo sisi tunasema Ziwa Ziwa bila kucheka. Mwaka 1861 alirudi, akapita pwani ya magharibi kwa mashua akielekea kaskazini, lakini hakufika mwisho. Aligeuka akiwa bado mbali sana na hapa. Aliporudi mwaka 1866 alipita kusini tena. Alifariki mwaka 1873 huko Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, bila kukanyaga mchanga wa Matema. Jina lake liliwekwa juu ya milima hii na Waingereza wenziwe waliofika ziwani miaka michache baada ya kifo chake, walipokuwa wanaizunguka pwani kwa meli ndogo ya moshi iliyoitwa Ilala, ambayo wamisionari wa Kiskoti waliileta vipande vipande na kuiingiza ziwani mwaka 1875. Walimpenda, wakampa zawadi ya mlima. Hilo ni jambo la kibinadamu. Ila mlima ulikuwa na wenyewe. Wakinga walikuwa juu yake, Wakisi walikuwa chini yake kwenye vijisehemu vya ardhi kati ya mwamba na maji, na Wanyakyusa walikuwa bondeni na migomba yao, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anasubiri kugunduliwa.

Sasa nani basi alikuwa mgeni wa kwanza wa Ulaya kuja Kyela kwa njia ya nchi kavu kutoka pwani yetu, na nani alimleta? Hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe.

Mwezi Mei 1879 msafara uliotumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza uliondoka Dar es Salaam, ambayo wakati huo ilikuwa kijiji chenye majumba mazuri ya Sultan Majid yaliyoanza kubomoka. Mkuu wa msafara alikuwa Keith Johnston, mtaalamu wa ramani. Msaidizi wake alikuwa kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka ishirini na moja, ambaye hakuwahi kuona Afrika. Haikupita miezi miwili, Johnston akafa kwa ugonjwa huko Behobeho, karibu na Rufiji. Akabaki kijana yule, mgeni katika nchi ya watu, ana wapagazi zaidi ya mia moja wanaomtazama, na njia iliyobaki ni ndefu kuliko iliyopitwa.

Kwa nini msafara haukurudi? Thomson mwenyewe alikuwa jasiri, hilo sikatai. Lakini kiongozi wa wapagazi alikuwa Chuma. Na Chuma si jina dogo, ingawa wanafunzi wengi tukiwauliza hulikumbuka kwa sababu moja tu, kwamba yeye na Susi walibeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa mwaka 1874. Wanasema “watumishi waaminifu” na kufunga daftari. Tazama maisha ya mtu huyo. Alikuwa mtoto wa Kiyao, akakamatwa utumwani, akafunguliwa mwaka 1861 katika nyanda za Shire pale Livingstone na wamisionari walipouvunja msafara wa watumwa. Akapelekwa Bombay, akasoma huko. Akarudi mwaka 1866 na kutembea bara kwa miaka saba. Baada ya mazishi ya bwana wake alikwenda Uingereza, akakaa na mhariri wa shajara za mwisho za Livingstone kumfafanulia mahali na majina, maana mhariri alikuwa na maandishi mkononi lakini aliyeiona nchi yenyewe alikuwa Chuma. Alirudi Unguja, akaongoza misafara ya wamisionari kwenda Masasi. Kufikia mwaka 1879 sidhani kama katika pwani yote hii kulikuwa na mtu aliyeijua kazi ya msafara kumshinda yeye.

Ndiye aliyemchukua Thomson kutoka kaburi la Johnston akampitisha Mahenge, Uhehe na Ubena, wakateremka bondeni Septemba mwaka huo huo wakalikuta ziwa. Njia yenyewe Chuma hakuwahi kuipita. Alichokijua ni watu: jinsi ya kumkaribia mtawala, lini utoe nguo na lini uzuie, mpagazi gani anaumwa kweli na yupi amechoka tu. Na nyuma yake walikuwako wengine, Wahehe na Wabena waliotangulia siku moja au mbili kuonyesha kivuko, halafu wakarudi makwao, na majina yao hayakuandikwa.

Thomson alipofika kwa Wanyakyusa akaandika kwa furaha kana kwamba ameingia peponi: vijiji visafi, nyumba za mianzi zilizojengwa kwa ustadi, vivuli vya migomba, ng’ombe wanono. Wazungu waliomfuata waliandika hivyo hivyo, hata ikawa kama desturi. Hawakujua mwanzoni kwamba baadhi ya vijiji hivyo vilikuwa vya rika, yaani vijana wa kiume walipokuwa wanafikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja waliondoka kwenye nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakakaa pamoja mpaka uzee. Habari hiyo ilikuja kuelezwa kwa urefu na Godfrey na Monica Wilson waliokaa huku miaka ya 1930. Mwanangu wa miaka tisa alipoisikia aliniuliza kama anaweza kuhama kesho. Mama yake akamwambia ajifunze kwanza kufua soksi.

Chuma alirudi pwani na Thomson mwaka 1880. Mwaka 1882 akafariki Unguja, akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu. Thomson kwa safari hiyo alipata jina, akaandika kitabu cha majuzuu mawili, na swala wetu mdogo wa porini akaitwa kwa jina lake. Chuma alipewa medali. Mlima hakupewa.

Nilipofika hapo kijana wangu wa Matema alitoa lile daftari lake, akaniomba nimtajie tena miaka. Kisha akaniambia jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kubwa kuliko yote niliyomwambia. Yeye ni Mkisi, mama yake ni mfinyanzi. Bibi yake wa kuzaa mama alikuwa akimsimulia habari za Kyala na mahali pake pale kwenye miamba karibu na Ikombe, mahali palipoogopwa na makabila ya pande zote za ziwa, watu wakatoka mbali kuja kutambika. Wanyakyusa wanaosali leo wanajua kwamba Kyala ndilo jina la Mungu katika Biblia yao, maana wamisionari walipotafuta neno walilichukua hilo. Wachache wanajua kwamba jina hilo lina makao, na kwamba makao hayo yako umbali wa kasia kidogo tu kutoka pale tulipokuwa tumekaa.

Nikamuuliza, “Mbona hukutuambia mchana?”

Akasema, “Haimo kwenye karatasi, mzee. Na wengine wakisikia mambo ya mizimu wanaandika malalamiko.”

Basi, ndugu msikilizaji, ndiyo shida yenyewe hiyo. Kijana aliyezaliwa hapa, aliyeyasikia ya hapa kutoka kinywani mwa bibi yake, anapewa karatasi iliyoandikwa na mtu wa mbali, anaihifadhi, anamwambia binti yangu uongo juu ya Livingstone, na anaiacha kweli ya nyumbani kwao nyuma ya ulimi. Nilipomdodosa malipo yake nikakuta kwamba katika pesa tulizolipa jijini, za kwake kwa siku nzima hazikufika bei ya kilo tano za mchele wa hapo hapo kwao. Sitaitaja kampuni, kwa kuwa nasikia nyingine ni hivyo hivyo. Lakini nasema waziwazi kwamba hapo kuna wizi, na nauona wa aina mbili.

Tulikuwa tumekwenda Lyulilo mchana huo, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ya gulio la vyungu. Hapo ndipo watoto walipochangamka kuliko pengine popote. Vyungu vya Wakisi vinafinyangwa na wanawake, vyeupe na vyekundu, vimenakshiwa shingoni, vimepangwa mchangani kwa mamia kama mayai. Vinapakiwa mitumbwini, vinakwenda Kyela, vinakwenda upande wa Ludewa na Mbamba Bay, vinavuka hata Malawi. Biashara hii ilikuwepo kabla ya Chuma, na ilimkuta Mjerumani ikamwona akiondoka. Ardhi ya Wakisi ni jabali, haina pa kulima mpunga. Kwa hiyo tangu zamani walifinyanga vyungu na kuvua mbasa, wakavibadili kwa nafaka na ndizi za bondeni. Mama watoto alinunua vitano. Muuzaji, mama wa makamo, alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, tusikie mlio, ndipo akatukabidhi. Kimoja hakikulia vizuri, akakirudisha mwenyewe akatupa kingine. Dukani kwetu mjini ukirudisha kitu unatukanwa.

Nirudi kwa Wajerumani, maana hapa ziwani walikuwa na mambo yao. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, na wale wa Moravian waliojenga Rungwe, walifika karibu kwa wakati mmoja. Walipita kusini, kwa Zambezi, Shire na ziwa, kwa sababu njia ya Chuma ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa ndefu na nchi ya Uhehe ilikuwa ya moto. Nao walikuwa na waongozaji na wapagazi. Baadaye ikaja meli. Wissmann, yule aliyepigana na Abushiri pwani, alichangisha fedha Ujerumani kwa jina la kupinga biashara ya utumwa, meli ikatengenezwa, ikabebwa kwa vipande, ikaunganishwa huko Shire na kuingia majini mwaka 1893. Ikaitwa kwa jina lake, Hermann von Wissmann. Mwaka huo huo wakaanzisha kituo cha serikali upande wa mashariki wa ziwa, mahali panapoitwa Lumbila, wakakiita Langenburg. Palikuwa pazuri kwa meli na pabaya kwa watu. Homa iliwamaliza, na nyuma yao palikuwa na ukuta wa mlima usio na njia. Mwanzoni mwa karne wakahamia kwenye baridi ya Tukuyu, wakauita mji mpya Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya.

Meli ile ndiyo iliyohusika na kisa ambacho watu wa baharini hukisimulia mpaka leo. Agosti 1914, vita vilipotangazwa Ulaya, habari ziliwafikia Waingereza wa Nyasaland kwanza. Nahodha wao, Rhoades, mwenye meli ya Gwendolen, alikuwa rafiki wa nahodha wa Kijerumani, Berndt. Walikuwa wakikutana bandarini na kunywa pamoja. Meli ya Mjerumani ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli kwa matengenezo. Rhoades akaenda akaipiga mizinga. Makombora mengi yakakosa, mwisho moja likapata. Berndt, ambaye hakujua kwamba kuna vita, akapanda kimashua akapiga makasia kwenda kumgombeza rafiki yake, akidhani amelewa. Akachukuliwa mateka. London wakaandika magazetini habari ya ushindi wa majini.

Watalii hucheka sana wakisikia kisa hicho, na kweli kinachekesha. Lakini mwezi uliofuata, tarehe 9 Septemba, kikosi cha Wajerumani kilichokuwa kimevuka Songwe kilipambana na Waingereza huko Karonga, na hapo hapakuwa na kucheka. Waliokufa wakiwa na bunduki wengi walikuwa askari Waafrika wa pande zote mbili. Kisha wakaja wapagazi. Upande wa Nyasaland waliitwa tengatenga. Upande wetu walikamatwa vijijini kwa maelfu, wakabebeshwa risasi na unga kupanda milima ile ile tuliyokuwa tunaipiga picha. Hawa nao walikuwa waongozaji, ingawa safari hiyo hawakuulizwa kama wanataka kwenda.

Niliyaeleza hayo yote mpaka giza likaingia na taa za wavuvi wa dagaa zikaanza kuwaka huko ziwani, nyingi mno, utadhani mji umejengwa juu ya maji. Watoto walikuwa wameshatoka kuoga wamejifunga kanga, tunakula ugali kwa mbasa wa kuchoma. Yule wa mwisho akaelekeza kidole kwenye taa za mbali kabisa akauliza, “Wale ni Watanzania au Wamalawi?”

Kijana akamtazama mama watoto, kisha akanitazama mimi. Hilo pia halikuwemo kwenye karatasi yake.

Jibu lake ni refu. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walikaa wakagawana nchi ambazo wengi wao hawakuziona, wakaandika kwamba mpaka ufuate ufuko wa ziwa, mashariki, kaskazini na magharibi, hadi kwenye mdomo wa Songwe. Kwa maandishi hayo Malawi inasema maji yote ni yake, hata yale yanayolowanisha miguu ya mtoto wa Matema. Tanzania inasema mpaka uko katikati ya maji, kama desturi ya nchi zilizopakana kwa ziwa, na ramani za enzi za Mwingereza zenyewe zinapingana. Mwalimu Nyerere na Rais Banda walirushiana maneno juu ya jambo hilo mwaka 1967. Likalala. Likaamka mwaka 2012, Malawi ilipokuwa imetoa vibali vya kutafuta mafuta chini ya ziwa, wakakaribishwa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji kusuluhisha. Hata jina ni ugomvi: wao wanaliita Ziwa Malawi, sisi Nyasa.

Nilikuwa natafuta namna ya kulifupisha hilo kwa mtoto wa miaka tisa. Kijana akanitangulia. Akamwambia kwamba taa zile tatu zilizo pembeni ni za watu wa Ikombe, anazijua kwa jinsi zinavyokaa. Zile za mbele yake ni za Itungi. Na zile za mbali kabisa huenda ni za Karonga, ambako dada yake mkubwa ameolewa, na ambako mama yake hupeleka vyungu kila mwaka ziwa likitulia. Kisha akamuuliza mama watoto kama kesho angependa kwenda Ikombe kwa mtumbwi badala ya kufuata ratiba. Mama watoto akamwambia alete mtumbwi saa kumi na mbili, kabla upepo haujaamka.